Golini hatutii mtoto aliyebaki: maneno yangu kwa vijana wa hoki na wazazi wao

(Hii ndiyo hotuba niliyotoa Jumamosi kwenye mkutano wa vijana wa hoki hapa Mombasa. Nimeiweka yote manake wengi mlinitumia meseji mkisema mlikosa. Zile picha za ukutani nimeziacha, na nimeandika vile nilivyosema kwa mdomo, kwa hivyo walimu wa Kiswahili mnisamehe.)

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Hamjambo nyote? Mbona sauti ndogo hivyo na chai mmekunywa? Hamjambo! Haya, hapo sawa.

Wazazi wangu, makocha wenzangu, dada zangu mliokuja na timu za wasichana, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma mkidhani siwaoni, asanteni kwa kuja. Nimeambiwa niongee kuhusu nidhamu ya mchezaji. Sasa nidhamu mmeongelewa tangu chekechea na mkiniruhusu leo nitawaongelea mtu mmoja tu. Anaitwa Francisco Cortés, wenzake wanamwita Quico, ni Mhispania, na alikuwa kipa wa timu ya taifa ya hoki. Nani hapa ashawahi kumsikia? Mkono juu. Mmoja… wawili. Kocha wewe hatukuhesabu, tumeongea jana.

Haya, na nani anamjua Iker Casillas? Ala! Shusheni, shusheni mikono. Mnaona sasa? Wote Wahispania, wote makipa, na nyinyi ni wachezaji wa hoki, lakini mnamjua wa kandanda peke yake. Siwalaumu, ndivyo dunia ilivyo. Ila nataka mkitoka hapa mumjue Quico Cortés, manake huyu mtu amecheza Olimpiki nne. Nne! Beijing 2008, London 2012, Rio 2016, na ile ya Tokyo ambayo iliitwa 2020 lakini ikachezwa 2021 kwa sababu ya korona. Alizaliwa 1983. Beijing alikuwa na miaka 25, Tokyo alikuwa na 38. Hebu nioneshe hapa mchezaji wa mbele anayekimbia kwenye timu ya taifa na miaka 38, utamtafuta mpaka uchoke.

Na hii ndiyo sababu nimemchagua yeye. Nataka tuongee kuhusu golini. Kwa sababu golini, ndugu zangu, tunapafanyia mzaha.

Niambieni ukweli, kwenye timu zetu za watoto kipa anapatikana vipi? Si mnajua? Watoto wanajipanga, wanaojua kukimbia wanakuwa mbele, wenye nguvu wanakuwa nyuma, halafu anabaki mmoja kasimama peke yake, mnene kidogo, ama mpole, ama amechelewa kufika, ama hana gongo lake mwenyewe. Kocha anamwangalia, anasema wewe, vaa pedi. Basi. Huyo ndiye kipa. Hakuna aliyemuuliza anataka nini na hakuna atakayemfundisha kitu, atasimama pale na ile helmeti inayomcheza kichwani anapigwa mipira mpaka jioni, na akifungwa tunampigia kelele. Halafu tunashangaa timu ya wakubwa ikienda nje inafungwa magoli ya ajabu. Tunashangaa nini? Tulimtia golini mtoto aliyebaki, tukavuna tulichopanda.

Sasa twende Hispania.

Kuna mji unaitwa Terrassa, mwendo mfupi tu kutoka Barcelona. Zamani ulikuwa mji wa viwanda vya nguo. Si mji mkubwa, lakini kwa hoki ule mji ni kama Eldoret kwa riadha. Una Club Egara, una Atlètic Terrassa, una CD Terrassa, zote mji mmoja, zote zinacheza hoki ya juu, na wachezaji waliotoka pale wakaenda Olimpiki ni wengi mno. Egara ndiyo klabu ya Quico, ilianzishwa 1935. Ndiyo klabu ya Pol Amat pia, yule aliyetajwa mchezaji bora wa dunia mwaka 2008 na akacheza Olimpiki tano. Na Pol hakuota kama uyoga, baba yake Pedro Amat alikuwa kwenye timu ya Hispania iliyochukua shaba Roma 1960. Juan Amat wa ukoo huohuo akafunga magoli matatu kwenye fainali ya Moscow 1980, wakakosa dhahabu kwa goli moja, India 4 Hispania 3. Sasa mtoto akikulia kwenye klabu ya namna hiyo anakuta mazungumzo ya hoki kabla ya kukuta mpira wenyewe. Anakuta kipa wa wakubwa anafanya mazoezi pale upande wa pili wa uwanja, anamwangalia. Kipa pale si mtoto aliyebaki. Kipa ni mtu.

Na kuna jambo la mwaka 1992 ambalo wasichana hapa lazima mlisikie. Olimpiki ya Barcelona, hoki ilichezwa wapi? Terrassa. Hispania wanawake walikuwa hawajawahi kucheza hoki ya Olimpiki hata siku moja, waliingia kwa sababu ni wenyeji. Hakuna aliyewapa nafasi. Kocha wao José Brasa, kapteni Mercedes Coghen, golini Mariví González. Wakapata sare na Ujerumani 2-2, wakawafunga Kanada 2-1, wakawafunga Australia 1-0, na hao Australia ndio waliokuwa mabingwa wa Olimpiki iliyotangulia. Nusu fainali na Korea Kusini, wakashinda 2-1 baada ya muda wa nyongeza. Fainali Ujerumani tena, tarehe 7 Agosti, sare 1-1, muda wa nyongeza tena, Eli Maragall akafunga, 2-1, dhahabu! Mara ya kwanza kuingia, wakatoka na dhahabu. Sasa angalieni zile hesabu vizuri, kila mechi baada ya ile sare waliishinda kwa goli moja tu. Kila mechi. Timu inayoshinda kwa goli moja moja namna hiyo, inashikiliwa na nani? Jibu mnalo. Lakini ukitafuta habari za ile timu utaona picha ya mfungaji.

Mwaka huo Quico alikuwa mtoto wa miaka tisa.

Twende Beijing sasa, manake hapa ndipo penye nyama.

Hispania 2008 ilikuwa timu kali, kocha Mholanzi, Maurits Hendriks, Pol Amat ndani. Nusu fainali wakawatoa Australia 3-2. Fainali tarehe 23 Agosti na Ujerumani. Dakika ya 16 Ujerumani wakapata penalti kona. Wazazi, najua nyinyi mnakaa pale pembeni mnapiga makofi refa akionesha ile ishara bila kujua nini kinaendelea, kwa hivyo leo niwaeleze penalti kona ni mnyama gani.

Wanaolinda wanabaki watano tu, kipa akiwa mmoja wao, wote wamesimama nyuma ya mstari wa goli. Wenzao waliobaki wamefukuzwa mpaka katikati ya uwanja. Mshambuliaji mmoja anausukuma mpira kutoka mstari wa nyuma, mita 10 kutoka mlingoti, unaenda kusimamishwa pale nje ya D, yaani ile nusu duara iliyochorwa mbele ya goli, halafu anakuja fundi. Huyu fundi hapigi kwa kishindo, anauburuta mpira kwa gongo, anajikunja kama anayefyeka majani, halafu anaurusha. Kwa mafundi wa juu ule mpira unapita kilomita 100 kwa saa. Una uzito wa gramu 156 mpaka 163 na ni mgumu. Kutoka juu ya D mpaka golini ni mita 14.63. Pigeni hesabu wenyewe, ni nusu sekunde na kakitu kidogo. Nusu sekunde! Kupepesa macho mara mbili haujamaliza. Na goli lina upana wa mita 3.66 na urefu wa 2.14, na mbele ya kipa kuna walinzi wake wanaokimbilia mpira na washambuliaji wanaomziba asione.

Kwa hivyo yule kipa hangoji kuuona mpira ndio aamue, akingoja amechelewa. Anaangalia bega la yule fundi. Anaangalia mguu wa kushoto umekanyaga wapi. Anaangalia kichwa cha gongo kimefunguka kiasi gani. Hayo yote mpira bado haujatoka. Na kabla ya hapo ndiye yeye aliyepanga watu, wewe toka mbio wa kwanza umzibe, wewe fuata nyuma yake, wewe shika mlingoti, wewe huku kwangu ukae na mpira utakaorudi. Kipa anaongea mechi nzima. Ukimuona kipa wa hoki kanyamaza ujue kuna tatizo. Nyinyi mkitiwa golini mnanyamaza kama mmefiwa, nimewaona.

Basi. Dakika ya 16, penalti kona, Christopher Zeller, goli. Ujerumani moja.

Mechi zilikuwa za dakika 70 wakati ule. Zilibaki dakika 54. Na katika hizo dakika 54 za fainali ya Olimpiki, Wajerumani wakitafuta la pili la kummalizia, Quico Cortés alifungwa mangapi? Hakufungwa. Wenzake walikuwa na dakika 54 za kutafuta goli moja na hawakulipata. Mechi ikaisha 1-0. Fedha. Sasa nawauliza nyinyi, ni nani aliyeikosa ile dhahabu, ni kipa aliyefungwa moja, au ni washambuliaji waliofunga sifuri? Nyamazeni kidogo mfikirie. Mbona tukiwa hapa nyumbani timu ikifungwa 1-0 watu wanatoka uwanjani wanamtaja kipa?

Na wanaume wa Hispania mpaka leo hawajawahi kuchukua dhahabu ya hoki Olimpiki. Fedha wanazo tatu, 1980, 1996, 2008, na ile shaba ya Roma. Yaani nchi nzima inaingoja hiyo dhahabu, na wewe ndiye kipa uliyekuwa golini siku ilipokaribia. Hiyo ni mizigo ya kubeba na miaka 25.

Sasa Quico alifanya nini baadaye? Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, hasa wewe ambaye juzi ulifungwa matatu ukasema hutaki tena, usiinamishe kichwa sijataja jina. Quico alirudi golini. Akacheza miaka mingine 13. London hawakufika nusu fainali. Rio wakafika robo fainali, wakatolewa na Ajentina 2-1. Tokyo robo fainali tena, wakatolewa na Ubelgiji 3-1. Mtu anaweza kuangalia hiyo orodha akasema huyu hakushinda kitu baada ya Beijing. Lakini angalia tena. Ujerumani waliomfunga Beijing ndio waliochukua dhahabu. Ajentina waliomtoa Rio wakaenda wakachukua dhahabu. Ubelgiji waliomtoa Tokyo, dhahabu. Katika Olimpiki nne, mara tatu njia yake ilizibwa na bingwa mwenyewe. Hiyo si bahati mbaya tu na wala si uzembe, ni kwamba ulifika mahali ambapo bingwa anapita.

Makocha wenzangu, hii inayofuata ni yenu zaidi, vijana mkitaka kunywa maji kunyweni.

Kipa anayedumu miaka mingi si yule aliyejifunza kitu kimoja akakaa nacho. Angalieni mambo yaliyobadilika mbele ya macho ya huyu mtu mmoja. Beijing walicheza kwenye astro, yaani nyasi bandia, ya kijani na mpira mweupe. Miaka minne baadaye London wakakuta uwanja wa buluu na pembeni pinki, mpira wa njano, na kipa kazi yake yote ni macho, macho uliyoyazoesha mpira mweupe juu ya kijani sasa yaanze upya. Baada ya Beijing ikaletwa sheria ya mchezaji kujipasia mwenyewe kwenye fri hiti, yaani ule mpira wa adhabu, zamani ilibidi amsukumie mwenzake, kwa hivyo kipa alikuwa na sekunde zake mbili tatu za kupanga watu. Zikaondoka. Ukiinua kichwa tu jamaa keshaanza kukimbia na mpira kuja kwako. Halafu mechi zikatoka vipindi viwili vya dakika 35 zikawa robo nne za dakika 15, Rio ikachezwa hivyo, maana yake washambuliaji wanapumzika zaidi na wanakuja na kasi mpaka mwisho.

Na kubwa kuliko yote, penalti za kuamua mshindi. Beijing sare ikigoma mlipigiana penalti za kawaida, mpira pale mita 6.40, kipa amesimama kwenye mstari, mmoja anapiga. Siku hizi hakuna. Mshambuliaji anaanza na mpira kwenye mstari wa mita 23, refa anapuliza, ana sekunde nane. Nane tu. Na kipa anaruhusiwa kutoka. Hiyo ni kazi nyingine kabisa jamani! Ya zamani ulikuwa unasoma mkono na unaruka. Ya sasa unatoka mbio, unapunguza nafasi, unasimama, unarudi kinyumenyume bila kuanguka, unamsukumia upande asioupenda, na kichwani unahesabu moja, mbili, tatu, nne, manake ukimchelewesha tu mpaka nane umeshinda bila kugusa mpira. Kipa aliyelelewa kwa sheria ya kwanza akafika Tokyo kwa sheria ya pili amejifunza kazi mara mbili.

Na bado. Siku hizi timu ikiwa nyuma zikibaki dakika chache kocha anamtoa kipa anaingiza mchezaji wa kumi na moja wa ndani. Yaani umefanya kazi mechi nzima halafu dakika tatu za mwisho unakaa benchi na pedi zako unaangalia goli lako liko wazi kama soko siku ya sikukuu. Mimi binafsi hiyo naichukia, nasema tu ukweli. Lakini kipa mzima anatoka mbio, hanuni, anampa mwenzake nafasi.

Kwa hivyo kocha, ukiwa na mazoezi ya saa mbili na kipa wako amefundishwa dakika ngapi? Ama alikuwa ukuta wa kupigia mipira? Kumpigia kipa mipira arobaini kutoka sehemu moja si kumfundisha. Mfundishe kutembea. Mfundishe kuupiga mpira kwa kiatu uende pembeni na si kurudi katikati ya D kwa adui. Mfundishe lini alale na lini asimame, manake kipa akishalala chini amemaliza maneno yake yote.

Haya, turudi kwa suala la kuhesabu magoli. Niwape habari ya hapa kwetu Afrika Mashariki inayogusana na Hispania moja kwa moja.

Mwaka 1980, Olimpiki ya Moscow. Nchi nyingi ziligoma, Kenya tuligoma, na nafasi nyingi za hoki zikabaki wazi. Tanzania wakaenda. Wengi mnakumbuka Moscow kwa sababu ya Filbert Bayi na Suleiman Nyambui waliorudi na medali za fedha za riadha. Lakini Tanzania walipeleka na timu ya hoki, wakawekwa na India, Hispania, Umoja wa Kisovieti, Poland na Kuba. Mechi na India iliisha 18-0. Mnacheka. Haya chekeni mmalize. Sasa jivike zile pedi. Wewe ndiye kipa. Mpira wa nane umeingia, mpira wa kumi umeingia, na kila ukiingia lazima uinuke, uupige mpira urudi katikati, upange watu tena. Goli la kumi na nane halikuingia kwa sababu ya kipa. Ule mpira ulipita kwa watu kumi kabla ya kumfikia yeye. Na mashindano hayakuisha siku hiyo, mechi nyingine zilikuwa zinawangoja, wakaenda wakazicheza. Mimi yule kipa namheshimu sana, pengine kuliko makipa wengi wenye medali.

Na msije mkadhani hoki ni ya Wazungu na Wahindi sisi ni watalii tu. Kombe la Dunia la hoki la kwanza kabisa lilichezwa 1971. Wapi? Barcelona, pale Real Club de Polo. Lilikuwa liende Pakistan likahamishwa kwa sababu ya siasa za wakati ule. Na timu nne zilizofika nusu fainali ni Pakistan, India, Hispania, na… nani? Kenya! Nusu fainali tukakutana na Hispania kwao, wakatufunga goli moja bila. Goli moja tu lilitukosesha fainali ya Kombe la Dunia. Tukashika nafasi ya nne. Avtar Singh Sohal wetu alicheza Olimpiki nne, kuanzia 1960 mpaka 1972, sawa na Quico. Mara ya mwisho wanaume wetu kuonekana Olimpiki ni Seoul 1988. Wazazi wengi hapa mlikuwa hamjaoana.

Kwa hivyo Hispania na Kenya mwaka 1971 tulikuwa tunatenganishwa na goli moja. Leo tunatenganishwa na nini? Viwanja vya astro, ndiyo. Pesa, ndiyo. Lakini wao kila kipa anapoondoka kuna mwingine alikuwa anakua nyuma yake. Quico alivyotoka, Paris 2024 golini alikuwa kijana anaitwa Luis Calzado, aliyezaliwa 2000, wakafika mpaka nusu fainali na wakawatoa Ubelgiji, mabingwa wenyewe, 3-2. Nyuma ya kipa wetu namba moja kuna nani? Msinijibu, najua.

Dada zangu, sijawasahau. Kuna María Ruiz, kipa wa wanawake wa Hispania. Kombe la Dunia la wanawake London 2018. Hispania na Ubelgiji sare 0-0, wakaenda kwenye zile sekunde nane, Hispania wakapita. Robo fainali wakawafunga Ujerumani 1-0. Nusu fainali sare 1-1 na Ayalandi, sekunde nane tena, mara hii zikawakataa. Sasa umetolewa nusu fainali kwa penalti, moyo umevunjika, na kuna mechi ya shaba mbele yako na ni Australia. Wakawafunga 3-1. Ikawa medali ya kwanza ya wanawake wa Hispania kwenye Kombe la Dunia. Hesabuni tena, mechi ya kuingia robo hakufungwa, robo hakufungwa, nusu moja, shaba moja. Magoli mawili katika mechi nne za mtoano ukiacha zile penalti. Halafu Tokyo, robo fainali na Uingereza, 2-2, penalti, na upande wa pili kulikuwa na Maddie Hinch ambaye aliokoa zote nne. Hapo María angefanya nini? Kipa akiwa na mwenzake amewaka siku hiyo upande wa pili huna la kufanya, unampa mkono.

Nimalizie na mambo ya kazi manake naona kocha ananionesha saa.

Moja, kwenye timu za watoto tumekubaliana kuanzia mwezi ujao kila mtoto atavaa pedi kwa zamu. Kila mtoto, hata yule mfungaji wenu. Tutawaangalia na tutauliza nani anapenda, na atakayesema anapenda huyo ndiye tutamfundisha, awe mwembamba awe mnene. Mzazi atakayekuja kuniambia mtoto wangu si wa golini nitamuomba kwanza anieleze kwa nini.

La pili, vifaa. Seti nzima ya kipa ni ghali, kuna helmeti, kinga ya kifua, pedi, vile viatu vikubwa, mikono yote miwili, na tunazo mbili tu za kugawana timu zote. Ile helmeti ya zamani iliyopasuka pembeni naomba isivaliwe tena na mtoto yeyote, nimeshaitia kwenye gari langu ili mtu asiichukue. Wenye jamaa Oman ama Ulaya wanaorudi likizo, tuongee baada ya hapa, kuna vilabu kule vinauza vya mtumba vikiwa vizima kabisa.

La tatu, mazoezi ya makipa peke yao ni Jumamosi asubuhi, saa moja na nusu, kabla ya jua kuwa kali. Wasichana na wavulana pamoja. Mipira tutaleta, maji uje nayo.

Mwenye swali aulize sasa hivi. Naam, mama pale mwenye leso ya njano, simama tukusikie.